Chumba Nilichokifuta

Bibi harusi alitaka nywele zake zisukwe na mimi, si na mtu mwingine, hata kama harusi yenyewe inafungwa Hispania. Ndiyo maana nikajikuta katikati ya mji wa Sevilla, mimi msusi wa mtaa wa Bertrams, nimepewa chumba peke yangu katika hoteli ndogo ya gharama, ya zile zenye vyumba vichache na maua kila kona, ambako mtu wa mapokezi anakuita kwa jina kabla hujafungua mdomo. Shuka zilikuwa zimepigwa pasi kwa wanga kidogo. Nilipojilaza, harufu ile ya pasi na wanga ikanipanda kichwani na usingizi ukapotea.

Kulipopambazuka nikashtuka nimeshatandika kitanda. Sikumbuki nilianza saa ngapi. Nilikuwa nimekunja pembe za shuka, nimefuta sinki kwa kitenge changu, nimekausha glasi, nimefunga begi na kulisimamisha mlangoni. Nikakitazama kile chumba, safi kama hakijawahi kuona mtu. Kisha nikakivuruga. Nikavuta shuka, nikatupa mto chini, nikamwaga vitana na rasta zangu mezani, nikaketi katikati ya fujo hiyo nikalia, mtu mzima na akili zangu, kwa ajili ya jambo la utotoni ambalo sikuwahi kumwambia yeyote.

Wewe uliyekulia mitaa yetu una wiki yako kama hii yangu. Tulikuwa watoto wakati mmoja, wageni wakipigwa na kufukuzwa, na kila mmoja wetu alifichwa mahali. Wengine mlifichwa kanisani, wengine kwenye mahema uwanjani, wengine kwa mwalimu mwenye huruma. Mimi nilifichwa kwenye hoteli ya kifahari. Najua inavyosikika, na ukitaka kucheka, cheka.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikaa Bertrams, mimi na Papa na Mama, chumba kimoja katika nyumba iliyogawanywa kwa mbao. Wazazi wangu ni watu wa Bukavu. Papa alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa Jeppestown: mashine tatu, meza ya kukatia na redio. Yeye Kizulu alikijua, kile cha kutosha kuelewana na mteja kuhusu zipu. Mama hakujua Kizulu wala Kiingereza, na hakuona haya kusema kwamba havitaki. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa masikio na mdomo wake. Nyumbani tuliita kazi hiyo kugeuza. Kliniki, dukani, kwenye foleni za makaratasi, Mama alisema na mimi nikageuza, watu wakajibu na mimi nikageuza tena. Mtoto anayegeuza anajifunza mapema kwamba katikati ya watu wawili kuna mahali pa kusimama, na kwamba aliyesimama hapo ana nguvu kuliko wote wawili. Nilijifunza hilo vibaya, kama utakavyoona.

Wiki ile ilianza na habari za karatasi. Shangazi mmoja wa kanisani alikuja na sauti iliyorekodiwa kwenye simu, mwanamume anaongea Kiswahili cha kwetu kwa kunong'ona, anasema kuna watu wanapita na karatasi, nyumba kwa nyumba, na kwenye karatasi wameandika ni mlango upi unakaa wageni. Wanaopita mchana wanaandika tu, alisema. Wanaokuja baadaye ndio wabaya. Watu wazima waliisikiliza mara mbili, mara tatu, wakashauriana, wakaisahau kwa ajili ya mambo mengine makubwa zaidi. Mimi sikuisahau. Siku mbili baadaye vibanda vya barabara ya nyuma ya kibanda cha Papa vilivunjwa na kuchomwa, na moshi wake tuliuona kutoka shuleni.

Hoteli ilikuja hivi. Papa alikuwa ameishonea mapazia hoteli moja ndogo katikati ya jiji, na mwenye hoteli, Madamu Pilar, mama wa makamo aliyezaliwa Hispania, alimpenda kwa sababu ya pindo zake zilizonyooka. Aliposikia hali ilivyo akampigia Papa simu. Alete mke na mtoto, akasema, kuna chumba hakina mtu mpaka Jumanne. Alimwambia hivyo mtu wa mapokezi wa zamu ile, kwa mdomo, kama fadhila inavyofanywa, na yeye akasafiri zake Cape Town. Hakuna aliyeandika jina letu popote.

Tulifika Alhamisi mchana kwa gari la jirani. Hoteli ilikuwa na vyumba tisa, na kila chumba Madamu alikipa jina la mji wa kwao. Chetu kiliitwa Granada. Kulia kwetu palikuwa Sevilla, mbele Cádiz. Kulikuwa na ua wa ndani wenye vigae vya bluu na miti ya michungwa kwenye vyungu, na kitanda chenyewe, naapa, kilikuwa kikubwa kuliko sakafu tuliyokuwa nayo Bertrams baada ya kupanga vitu. Mama hakukikalia. Alienda dirishani akashika pindo la pazia, akalifuatisha kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akaonekana kutulia kidogo, kwa kuwa ulikuwa mshono wa mumewe.

Papa hakukaa. Mashine zake zilikuwa bado Jeppestown, na alitaka kuzihamishia gereji ya mchungaji kabla hazijafikiwa. Simu iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa moja, akaichukua yeye.

"Mama Faida, mutanisubiria hapa," alisema akiwa mlangoni. "Nitakuya kesho, ao kesho kutwa. Simu ikikatala, nitakuya na miguu. Musitoke hata kidogo. Hapa njo nitabatafutia, nikibakosa hapa sitajua pa kwenda."

"Tutakuwa hapa," Mama akasema.

Aliniwekea kiganja kichwani, kama alivyozoea, akaenda. Na hilo ndilo lililokuwa jambo letu lote kwa siku zile, hakukuwa na lingine: yeye aje, atukute.

Sasa lazima niseme kuhusu Mama na begi. Mama alikimbia Bukavu akiwa msichana mdogo, alikimbia na kiatu kimoja, na tangu siku hiyo hajawahi tena kumiliki kitu kisichoingia begini. Begi lilikuwa limefungwa wakati wote. Ukitoa sweta, ukilivua linarudi mle. Alienda nalo kanisani, alienda nalo kliniki, na Papa alikuwa akimtania kwamba siku ya mwisho malaika atamwomba aliache getini na yeye atarudi nyumbani. Huko hotelini halikutoka begani isipokuwa akilala, na akilala aliliweka miguuni.

Na lazima niseme kuhusu Mama na ugeni. Kwa Mama, mgeni mwenye adabu haonekani amelala. Ijumaa aliniamsha kabla ya jua.

"Simama, Faida. Tuko bageni. Haiko muzuri batu bakute kitanda kama vile mbuzi zililala."

Tukatandika, yeye upande wake na mimi wangu, tukivuta shuka mpaka likakaza kama ngoma. Tukafuta bafu kwa kitambaa chetu wenyewe. Taulo zao Mama hakuzigusa. Tulijikausha kwa kitenge, na kitenge tukakirudisha ndani ya begi kikiwa bado na unyevu. Mpaka saa moja chumba kilikuwa kinang'aa, na sisi wawili tumeketi kwenye viti viwili, tumevaa viatu, tunamngoja Papa.

Aliyebisha hodi hakuwa Papa. Alikuwa Sis Nomsa, mama mtu mzima aliyesafisha vyumba vyote tisa, mfupi, mwenye sauti nzito na soksi nyeupe. Alikuwa akisukuma toroli la shuka. Alitazama kitanda, akatazama bafu, akacheka.

"Eish," aliniambia kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu. "Mwambie mama yako atanifukuzisha kazi. Niache na mimi nifanye kidogo."

Nikageuza. Mama akaona haya, akainamisha kichwa. Sis Nomsa akanifinya shavu, akachukua ubao mdogo uliokuwa umening'inia kwenye toroli, na juu ya ubao huo palikuwa na karatasi.

Sijui niseme vipi kilichonipata. Karatasi ilikuwa na majina ya vyumba, moja chini ya jingine, na mbele ya Granada Sis Nomsa alichora duara, akalikoleza kwa kalamu, akatoka. Nikaenda mlangoni nikachungulia. Alienda Cádiz. Wageni wa Cádiz walikuwa wameondoka alfajiri na masanduku yao, ufunguo wenye kipande cha mbao wameuacha mlangoni, na ndani hakukuwa na kitu. Aliangalia tu akiwa kizingitini, akachora mstari, akauchukua ufunguo. Alienda Sevilla, ambako kulikuwa na Wajerumani wawili. Duara.

Nikaielewa karatasi nzima papo hapo, au niliamini hivyo. Duara maana yake humu mna watu. Mstari, hamna. Wanaopita mchana wanaandika tu.

Sikumwambia Mama. Mchana ule mtu wa mapokezi alitupigia simu ya Papa mara tatu na haikupatikana, na Mama alikuwa ameanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, begi begani, midomo ikisali bila sauti. Nilimwonea huruma nikaona hili nilishughulikie mwenyewe. Nilikuwa nimezoea kumfanyia Mama kazi za kusoma na kuelewa. Nililala usiku ule nikiwa na mpango, na mpango ulinipa usingizi mzuri, jambo ambalo bado linanitia aibu.

Jumamosi Papa alikuwa hajafika. Tulitandika tena. Mama akasema hii ni siku ya tatu na yeye hawezi kunywa tena chai ya watu akiwa amekunja mikono, atawaomba kazi. Akashuka na begi lake kwenda jikoni, na mimi nikasema ninaenda chooni kwanza, nitamfuata.

Nilikuwa mwepesi. Nilimwaga taka za pipani, maganda mawili ya ndizi na karatasi, ndani ya mfuko nikaufunga kiunoni chini ya sweta. Niliokota nywele zetu kwenye vigae, moja moja. Nilirudisha viti vilipokuwa tulipofika. Nililainisha hata alama ya magoti ya Mama kwenye zulia, pale alipokuwa akisali. Kisha nikatoka, nikauacha ufunguo mlangoni, kama watu wa Cádiz.

Nilijificha kwenye kona ya ngazi. Toroli likaja. Sis Nomsa akauona ufunguo, akasukuma mlango, akaita jina langu mara moja, "Faida?", kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu. Akaingia, akatoka. Akasimama kidogo, kana kwamba alitegemea tungemuaga. Akachora mstari.

Nilishuka ngazi zile kwa furaha. Nasema furaha kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Niliona nimetuokoa, mimi peke yangu, na hakuna mtu mzima aliyejua.

Jikoni mpishi alikuwa ameshindwa kumwelewa Mama. Niligeuza, naye akacheka akampandisha juu kabisa, kwenye paa, palipokuwa na chumba cha kupigia pasi na rundo la foronya zilizochanika pindo. Mama akatoa sindano yake begini. Nilimwona uso wake ukirudi kuwa uso. Alishona, na mimi nikakunja, na harufu ya pasi na wanga ilijaa pale mpaka kwenye meno. Tulikaa saa nzima, labda zaidi. Ukutani palikuwa na uwazi wa kuanikia, na kutoka pale uliona barabara yote hadi kwenye robot, taa za kuongozea magari, na magari yakisimama na kuondoka.

Nilikuwa nimeegemea pale nilipomwona mtu akitoka mlango wa hoteli. Alikuwa na kitu kizito begani, kimefungwa kwa kipande cha pazia. Alitembea kama mtu ambaye mguu mmoja unamuuma. Kofia sikuijua. Alifika kwenye robot, akasimama, akahamisha ule mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, na namna alivyoinamisha shingo kuupokea niliijua, kwa sababu nilikuwa nimeiona kila jioni ya maisha yangu akirudi na mashine ya kutengeneza.

"Papa," nikasema. Nikaita tena kwa nguvu zote za kifua, lakini chini kulikuwa na magari, na robot ikawa kijani. Papa akavuka, akaelekea mashariki, kule tulikotoka.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka mlango wa mbele, na barabara, na watu wengi wenye migongo isiyo yake. Mama alikuwa nyuma yangu na foronya bado mkononi, na sindano ikining'inia kwa uzi wake.

Aliyekuwa mapokezi siku ile alikuwa bwana mmoja mwenye miwani, wa zamu za mwisho wa wiki, ambaye hakutujua. Karatasi ya Sis Nomsa ilikuwa mbele yake. Alisema, ndiyo, kuna mwanamume alikuja, anavuja damu puani, anamtafuta mkewe na mtoto, Granada. Yeye aliangalia kitabu, hakuna jina. Aliangalia karatasi, chumba kitupu. Akamwambia wameondoka asubuhi hii.

"Aliuliza wameelekea wapi," bwana yule akasema, "na mimi sikujua."

Sis Nomsa alikuwa amesikia kelele akashuka. Mama alimtazama bwana, akamtazama Sis Nomsa, akanishika bega.

"Baulize. Nani aliandika kama tulishatoka?"

Niliuliza. Sis Nomsa akaweka mkono kifuani. Akanieleza taratibu, akinitazama machoni, ili nigeuze vizuri. Ni yeye aliyeandika. Alikuta ufunguo mlangoni. Pipa lilikuwa tupu, begi halipo, hata unywele mmoja haukuwapo. Katika miaka yake yote hajaona mgeni aliyeko akaacha chumba vile. Mwambie mama yako, mntanami, mwanangu, ufunguo ulikuwa mlangoni.

Mama alikuwa akinisubiri. Ufunguo alinikabidhi mimi asubuhi ile, na angejua papo hapo. Nilisimama pale katikati, mahali pangu, na nikageuza hivi:

"Anasema alikosea. Hakuangalia vizuri."

Nilimwona Mama akibadilika. Hakupaza sauti, hakutukana. Alimtazama Sis Nomsa kuanzia soksi hadi usoni, mara moja, na tangu hapo hakumtazama tena. Akarekebisha begi begani akaanza kuelekea mlangoni, na Sis Nomsa ndiye aliyemzuia, kwa mwili wake.

"Mwambie hawezi kupita kule leo," alisema. "Hana lugha. Akifungua mdomo tu wamemjua. Nipe anwani yenu, nitaenda mimi. Baba yako anafananaje?"

Nikampa anwani. Nikamwambia kofia, mguu, mzigo. Akatoka vilevile, na sare yake ya kazi, bila mkoba. Sikumgeuzia Mama neno hata moja. Nilimwambia tu kwamba yule mama anaenda kumtafuta Papa, na Mama akajibu kwamba ni haki yake aende.

Sijawahi kuishi saa ndefu kama zile. Tulikaa uani, chini ya michungwa ya vyungu. Mama alishona foronya ile ile akaifumua akaishona tena. Kila mlango wa mbele ulipofunguka alisimama. Wajerumani wa Sevilla walirudi na mifuko ya manunuzi, wakatusalimia. Mimi nilikuwa bado na ule mfuko wa takataka kiunoni, maganda yananilowesha tumbo, na niliogopa kuutoa mtu asije akauona. Nilimwomba Mungu ampe Papa uhai, kisha nikamwomba pia Mama asijue, na hata wakati ule nilihisi kwamba ombi la pili linaharibu la kwanza.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo walipoingia. Sis Nomsa alikuwa amemshika kiunoni. Mkono wa kulia wa Papa ulikuwa umefungwa kwa aproni, na aproni haikuwa nyeupe tena. Mashine hakuwa nayo.

Alikuwa amerudi nyumbani Bertrams, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kututafuta. Alikuta mlango umevunjwa na watu wanatoa vitu. Kama angekuwa na akili ya siku nyingine angepita kando. Lakini aliambiwa mkewe na mtoto wametoka hotelini asubuhi, kwa hiyo aliamini tuko ndani, akaingia katikati yao akituita majina. Walimpiga kwa nondo, naye akakinga kichwa kwa mkono. Sis Nomsa alimkuta kwenye bomba nyuma ya spaza, kile kiduka cha jirani, ameketi majini. Wakati wanarudi, kundi la vijana liliwasimamisha, na yeye akawaambia kwa Kizulu chake kizito kwamba huyu ni mume wangu, ni mlevi, mniache nimfikishe nyumbani. Wakacheka wakawaachia.

Mkono ulipona kwa namna yake. Vidole viwili havikukunjika tena. Papa anaweza kusukuma kitambaa chini ya sindano, lakini mkasi hawezi, na fundi asiyekata ni mtu wa kupokea viraka. Mimi ndiye niliyemkatia vitambaa mpaka nilipomaliza shule, kila jioni, yeye akinionyesha kwa kidole kizima pa kupita. Hakuwahi kuuliza kitu.

Jumanne tulipoondoka, Sis Nomsa alikuja kutuaga mlangoni. Alimpa Mama mkono. Mama akashika mkanda wa begi kwa mikono yote miwili, akatazama barabara. Mkono wa Sis Nomsa ukakaa hewani kidogo, ukashuka. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, amemkosea nini mama yangu.

"Amechoka tu," nikamwambia.

"Sharp," alisema, yaani sawa, na akarudi ndani kwenye vyumba vyake.

Miaka yote iliyofuata, Mama alihadithia. Kanisani, kwenye misiba, kwa wageni wapya kutoka Bukavu: kulikuwa na mwanamke mmoja wa hoteli, Mzulu, alikuwa mvivu hata wa kufungua macho, akaandika hatupo, na mume wangu akapoteza mkono. Papa akimkumbusha kwamba ni mwanamke huyo huyo aliyemleta akiwa hai, Mama alijibu kwamba alimleta kwa sababu dhambi ilikuwa inamsumbua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami nilikuwa nimeketi pale, nagawa chai.

Niliporudi kutoka Hispania mwezi uliopita nilimkuta Mama uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliuliza habari za harusi, za ndege, za chakula. Kisha akaniuliza kama watu wa hoteli walinihesabu vizuri, ao nao walikuwa na macho kama ya yule wa kwetu. Alisema akicheka.

Nilimwambia. Sikuketi kwanza. Nilimwambia karatasi, duara na mstari, maganda ya ndizi, ufunguo. Nilimwambia alichosema Sis Nomsa, neno kwa neno, na nilichogeuza mimi. Mchi ulikuwa umesimama kwenye kinu tangu nilipotaja ufunguo. Nilipomaliza nilitaka anipige, na hakunipiga.

"Miaka hii yote," alisema. "Ule mwanamuke anaitwa nani?"

Mama hakuwa amewahi kulijua jina. Hakuna aliyemgeuzia.

"Nomsa."

Alilijaribu mdomoni mara mbili, polepole. "Nilimukatalia mukono," akasema. Hakuwa akiniambia mimi. "Anaikala wapi?"

"Alikuwa akikaa mtaa wa Alexandra. Hoteli imefungwa siku nyingi, Mama. Alexandra ni kubwa, na sijui hata mtaa. Labda hayupo."

Akaenda bombani akanawa mikono mpaka viwikoni, akajifunga kitenge safi. Aliporudi alinishika bega, pale pale aliponishika siku ile mbele ya bwana mwenye miwani, na akanisukuma mbele yake kuelekea mlangoni.

"Twende tumutafute," akasema. "Nitaongea, na weye utageuza. Yote."